Tano Atalipwa Lini

Ijumaa jioni mkoba wa Lleucu hutapika mezani:
ganda la chungwa, soksi moja isiyo yake,
na karatasi ya habari za shule, imeloa pembeni,
maana mvua ya bonde letu haijui likizo.

Naisoma kama nilivyosoma zamani matangazo ya machimbo,
polepole, nikitafuta nani kaachishwa kazi.
Hakuna. Kondoo wa Gwilym Parri wameingia tena uwanjani,
wamemaliza majani yote ya golini.
Mzee Hefin, avushaye watoto barabara, anastaafu;
atakayetaka kofia yake na kibao chake aonane na ofisi.
Chawa wameonekana darasa la pili
(jina la mtoto limesitiriwa; bonde zima linamjua).
Darasa la tatu wanaomba trei tupu za mayai,
hawasemi za nini.
Na chini kabisa, kwa wino mzito:
Wazazi na walezi, dakika kumi za hesabu kila usiku.
Tafadhali msiseme "kukopa".
Siku hizi tunasema "kubadilishana".

Kubadilishana!
Miaka sitini nimetoa kwa kukopa,
nimetoa siku za mgomo kwenye mshahara wa mwezi,
na hesabu haijawahi kunikatalia.
Nachukua kigae cha jiwe kilichobaki tulipoezeka banda,
jiwe la mlima huuhuu, baba yangu ndiye aliyelipasua,
naandika kwa chaki: hamsini na mbili, toa kumi na saba.

"Mbili kutoa saba haiwezekani," nasema.
"Mbili ni maskini. Anabisha hodi kwa jirani, kwa Tano.
Tano anampa kumi moja, mwenyewe anabaki Nne.
Sasa Mbili ni Kumi na Mbili, anatembea kifua mbele.
Toa saba, zinabaki tano. Nne toa moja, tatu.
Thelathini na tano. Umeona?"

Lleucu anatafuna ncha ya nywele zake.
"Taid," anasema, ndivyo huku wajukuu wanavyotuita mababu,
"Tano atalipwa lini?"

Nikaitazama hesabu. Nikaitazama tena.
Mimi nilifunzwa kwa fimbo, sikuthubutu kuuliza.
Mbili kala, kashiba, mstari umepigwa, jibu limekaa,
na Tano yuko palepale juu, kachorwa mkato shingoni,
hajarudiwa hata na asante.
Kukopa harusi, kulipa matanga, husemwa;
mimi nilikopa matangani.

Juu ya kabati, nyuma ya mizani ya unga,
iko sufuria ya bluu ya Bi. Nesta wa nyumba ya tatu.
Aliileta na mchuzi wa kondoo na viazi
wiki tuliyomzika Eluned wangu.
Novemba. Novemba ya mwaka juzi.
Nilikula, nikaiosha, nikaifuta, nikaificha.
Kuirudisha kungekuwa kusema matanga yameanuliwa.

Dakika kumi zikawa arobaini.
Tukavaa makoti. Lleucu akaivaa sufuria kichwani,
mvua ikaipiga kama ngoma mpaka mlangoni.
Bi. Nesta akafungua, miwani imepanda kwenye paji,
akaitazama kama mtu aliyehama zamani.
"Hii? Mbona nilishanunua nyingine."
"Si deni," Lleucu akamwambia. "Tunabadilishana."

Ndani hamkuwa na kitu. Hilo sikulifikiria.
Mzee mzima, mlangoni kwa watu, na sufuria tupu.

Bi. Nesta alicheka hadi akashika kizingiti.
Kisha akauliza kama shule bado inataka trei za mayai,
maana anazo kumi na nne chini ya ngazi,
kila wiki anaona haya kuzitupa.

Tukarudi nazo chini ya koti langu, zisiloe.
"Nitampa Macsen sita," Lleucu akasema,
"yeye husahau kila kitu." Akaanza kupiga hesabu kwa vidole.
"Nne kutoa sita..." Akasimama katikati ya njia,
akageuka kulitazama dirisha la Bi. Nesta,
lililokuwa bado lina taa.